Rwagasore Alianzia Sokoni

Ukifika Bujumbura panda Vugizo, uone kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Mtoto wa Mwami huyu hakuanzia kwenye siasa. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wadogo, na Waswahili wa Buyenzi wakasimama naye. Ndiyo maana Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64. Wahutu na Watutsi walikuwemo humo pamoja. Wiki mbili tu akiwa waziri mkuu, tarehe 13 Oktoba, akapigwa risasi. Uhuru ulikuja 1 Julai 1962, yeye hayupo. Basi ndugu wa Uvira, Kigoma na Kigali, tukumbuke: watu wakizoea kufanya kazi pamoja, kuwagawa si rahisi.