Mizani kwa Sikio la Mpakani: Kiswahili cha Rusizi na Ufundishaji wa Ushairi

Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, hoja moja haikosi kusikika kwa walimu wa mpakani: Kiswahili anachokuja nacho mwanafunzi wa Rusizi, kilichookotwa sokoni Kamembe na ng'ambo ya mto, Bukavu nchini Kongo, ni kikwazo kinachopaswa kuondolewa kabla hajapewa shairi. Makala hii inaipinga hoja hiyo.

Kwamba ushairi una nafasi darasani, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye vina na mizani. Amri Abedi (1954) aliviwekea sheria. Kezilahabi, katika diwani yake Kichomi (1974), akatunga bila kufungwa navyo. Mulokozi na Kahigi (1979) wakautetea ushairi usiovitegemea. Mjadala huo, kwa ukali wake wote, ulimhusu mtunzi. Mwanafunzi anayeipokea mizani kwa sikio la Kinyarwanda hakupewa nafasi ndani yake.

Katika maandishi ya tafakuri ya wanafunzi wa sekondari niliyoyasoma Rusizi, lalamiko moja hujirudia: wanahesabu, lakini mizani haitimii. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi: "Mtoto wa mtu mwema". Kina mizani nane: m-to-to-wa-m-tu-mwe-ma. Wengi hupata sita, kwa kuwa husoma "mto" ya "mtoto" na "mtu" kwa pigo moja moja. Si uzembe. Katika Kinyarwanda silabi huishia kwa irabu. "M" haisimami peke yake, ndiyo maana husemwa "umuntu". Wala wanafunzi hawa si wageni wa vipimo: amazina y'inka, mashairi ya kusifu ng'ombe, hupimwa kwa urefu wa irabu.

Sasa mwache mwanafunzi yuleyule asome kama asemavyo akiwa Bukavu: "Mutoto wa mutu mwema". Anapata nane bila kusaidiwa. "Nchi" nayo, inayompa moja kwenye kitabu, humpa mbili akiitamka "inchi". Matamshi anayokosolewa kila siku ndiyo yanayomfikisha kwenye hesabu sahihi. Irabu ya Kiswahili cha Kongo imekalia mahali palepale ambapo usanifu umeiachia "m" au "n" kazi ya silabi nzima.

Watasema mtihani hautambui "mutoto". Kweli, na sipendekezi aandike hivyo: aandike "mtoto", ahesabu "mutoto". Watasema pia atazidisha irabu kila aonapo "m". Hofu hiyo haina uzito: hakuna asemaye "mubuzi" Bukavu, wala Kamembe. Sikio lake linajua kwamba "mbuzi" ni mbili tu, jambo ambalo kanuni ya ubaoni hulifafanua kwa taabu.

Inawezekana njia hii isimfae sana mwanafunzi wa Kigali asiyekijua Kiswahili cha Kongo. Kwa Rusizi, hata hivyo, ushahidi unatosha kubadili utaratibu wa somo. Mtaala wa 2015 unadai umahiri unaojengwa juu ya anachokijua mwanafunzi. Basi somo la mizani lianze na usemi wake, lifuatwe na tahajia sanifu, na tafakuri zake zisomwe kama ushahidi wa namna anavyosikia. Mwalimu anayeufuta usemi huo kwanza anafuta kipimo ambacho mwanafunzi alikuwa nacho tayari.