Mwanamfalme aliyepita Bukoba na mruko wa mita 2.50

Mwaka 1907, miaka 17 tangu Emin Pasha aanzishe kituo cha Kijerumani Bukoba, mji ulipokea msafara wa Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg. Walipanda reli kutoka Mombasa, kisha wakavuka Ziwa Victoria. Wajerumani walitawala hapa kupitia Abakama, yaani wafalme wa Wahaya, na mwenye nguvu zaidi alikuwa Kahigi wa Kianja, ambaye nchi yake ilifika Kamachumu, Muleba ya leo. Msafarani walikuwamo wataalamu wa mimea, wanyama na miamba, pamoja na Jan Czekanowski, Mpoland aliyekuja kuwapima watu maumbo ya miili. Siku hizo hiyo nayo iliitwa sayansi.

Kutoka Bukoba walielekea magharibi, upande wa Mto Kagera, hadi Nyanza, ikulu ya Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda. Huko vijana wa Mwami walishindana kuruka juu, mchezo uitwao gusimbuka. Mwanamfalme aliandika kwamba bingwa wao alivuka mita 2.50. Akapigwa picha akiwa amesimama na msaidizi wake chini ya kizuizi, huku kijana anapaa juu ya kofia zao.

Kwa hesabu hiyo, kijana yule angeiacha mbali rekodi ya dunia ya wakati ule, mita 1.97, iliyowekwa na Mmarekani Michael Sweeney mwaka 1895. Hata Javier Sotomayor wa Kuba, aliyevuka 2.45 mwaka 1993, angekuwa nyuma yake. Ila warukaji wa Nyanza walijirusha kutoka kwenye kichuguu kidogo, jambo ambalo kanuni za riadha hazikubali, na hapakuwa na mwamuzi. Kwamba waliruka sana, picha inathibitisha. Mita 2.50 siziamini.

Mwanamfalme alipanda ngazi michezoni. Mwaka 1926 aliingia Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, na alikuwa bado mjumbe wakati Mjerumani Luz Long aliporuka chini mita 7.87 mjini Berlin mwaka 1936, akawa wa pili kwa Jesse Owens aliyefika 8.06. Mwaka 1949 akawa rais wa kwanza wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani Magharibi. Alifariki mwaka 1969.

Wazungu wawili waliosimama tu katika picha ile wanajulikana kwa majina. Aliyeruka hakuandikwa jina, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kumbukumbu hii, kuliko hata vipimo vyake.