Papaini ya Beni: maziwa ya papai na safari ya kuwa dawa

Mjini Beni, mtu akisikia jina ENRA anafikiria mbao. Lakini herufi hizo ni ufupisho wa Enzymes Raffiners Association, jina linalokumbusha biashara nyingine: papaini, unga unaotokana na maziwa ya papai bichi.

Ilikuwa kazi ya asubuhi. Mkulima alichanja papai likiwa bado mtini, akakinga maziwa yanayodondoka, kisha yakakaushwa na kuuzwa nje ya nchi. Papaini ilipewa jina hilo na Mfaransa Wurtz mwaka 1879. Nguvu yake ni kumeng'enya nyama. Viwanda viliitumia kulainisha nyama na kung'arisha bia. Waganga wa hospitali waliitumia kuondoa nyama iliyokufa kwenye kidonda, mahali ambapo bakteria hujificha.

Matumaini yaliongezeka. Mwaka 1982 utafiti wa maabara ulionyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka tunda la papai ilizuia bakteria kadhaa kukua. Katika miaka ya 1990, hospitali moja ya Banjul, nchini Gambia, ilikuwa ikifunika vidonda vya watoto walioungua kwa papai lililopondwa.

Halafu mlango ukafungwa. Mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa za kupaka zenye papaini ziondolewe sokoni. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, presha ikashuka na moyo ukaenda mbio. Dawa hizo ziliuzwa miaka mingi bila kuidhinishwa.

Beni inajua maana ya kupima dawa. Kuanzia Novemba 2018, wakati wa Ebola, dawa nne zilijaribiwa hapa, kisha katika vituo vingine vya eneo hili. Kila mgonjwa aliyekubali alipangiwa dawa kwa kura, kipimo kikaandikwa, waliopona na waliokufa wakahesabiwa. Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili kati yake ziliokoa watu wengi zaidi.

Papaini iliuzwa kwanza, maswali yakaja baadaye. Mipapai bado imesimama nyuma ya nyumba nyingi za komini ya Bungulu, na maziwa yake mabichi huchoma ngozi. Mwenye kidonda kinachonuka au kuvimba, njia yake ni kituo cha afya. Mpapai wenyewe unastahili kupimwa kwa makini, kama dawa za Ebola zilivyopimwa hapa hapa Beni.