Malori Yalipogeuzwa Vichwa vya Treni

Mlalo haina reli na haijawahi kuwa nayo. Viazi, kabichi na karoti za mabonde yake hushuka kwa pikapu na Fuso hadi Lushoto, kisha kona baada ya kona mpaka Mombo, mahali barabara ya mlimani inapokutana na njia ya treni itokayo Tanga. Dereva anayerudi juu na mifuko ya saruji, gia ya kwanza, utingo ameshika jiwe tayari kuliweka nyuma ya tairi, anaujua mwisho wa nguvu za injini yake. Mwambie kwamba gari hilo hilo, likifika bondeni, linaweza kuvuta treni ya mizigo, atakuona unamtania.

Sio utani. Jambo linalofanana sana na hilo lilifanyika hapa Tanzania mwaka 1916, tena si kwa maonyesho bali kwa kulisha jeshi.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa na Wajerumani huko Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Njia yote ilipita chini ya milima, haikuthubutu kupanda. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko karibu mita 1,400, na barabara inayoziunganisha ina urefu wa kilomita 33 hivi. Maana yake ni kwamba kila mita 100 za safari zinapanda mita 3 kwa wastani. Mwenda kwa miguu atahema tu. Treni ya mizigo ingehitaji nguvu mara 16 ya ile inayoitosha kwenye tambarare.

Wafanyabiashara wa mbao walioutaka msitu wa Shume, upande wa pili wa wilaya hiyo hiyo ya Lushoto, hawakuhangaika na reli. Kampuni ya Wilkins na Wiese iliagiza mitambo kutoka kwa mafundi wa Bleichert wa Ujerumani, ikatandaza waya wa chuma angani kwa karibu kilomita 9 hadi stesheni ya Mkumbara. Magogo yakawa yananing'inia juu ya makorongo na kushuka hadi kwenye mabehewa yanayoyasubiri chini.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilihitaji kuunganisha Reli ya Usambara na Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam, lakini bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, hivyo hakuna shehena ya vyuma iliyotarajiwa. Reli nyembamba za mashamba ya mkonge na mengineyo ziling'olewa, zikatandikwa upya kutoka Mombo kuelekea Handeni. Injini hazikuwapo. Vitoroli vilisukumwa na watu, Waafrika. Mombo ilitekwa na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts tarehe 9 Juni 1916, na Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmsthal, ikafuata siku chache baadaye.

Smuts alipoifikia Reli ya Kati, aliikuta imeharibiwa vibaya. Wajerumani walikuwa wamelipua madaraja na kuviharibu vichwa vya treni wakirudi nyuma. Madaraja yangeweza kuinuliwa upya kwa magogo ya porini, ila yasingebeba uzito wa kichwa cha mvuke. Mafundi wa kijeshi kutoka Afrika Kusini wakaja na njia ya mkato: walichukua malori yao makubwa, wakapunguza upana kati ya magurudumu hadi yakalingana na reli ya mita moja, wakayaweka juu ya njia. Kila gari liliweza kusafirisha tani 10 hadi 15. Mapema Oktoba 1916 malori hayo yalikuwa yakitembea juu ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zaidi ya kilomita 450.

Iliwezekanaje? Siri iko kwenye gurudumu. Tairi la mpira hubonyea kila linapozunguka, na kubonyea huko kunakula nguvu. Gurudumu la chuma juu ya chuma halibonyei hata kidogo cha kuonekana. Kwenye tambarare, tani moja ya treni ikishaanza kwenda huhitaji mvuto wa kilo 2 hivi tu. Treni ya tani 500 basi inataka mvuto wa tani moja, na pikapu ya tani 3 inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikikanyaga ardhi kavu kwa matairi ya mpira, inaweza kutoa kama tani 2.

Ndiyo maana matangazo ya kampuni za magari si uongo. Mwaka 2016 Land Rover Discovery Sport ilivuta treni ya zaidi ya tani 100 kwa kilomita 10 huko Uswisi. Mwaka 2019 Ford walionyesha pikapu ya umeme ya F-150 ikivuta mabehewa ya ghorofa mbili yenye uzito wa zaidi ya tani 450, kisha wakayapakia pikapu nyingine 42 na ikayavuta tena. Umbali ulikuwa mita 300 hivi, na njia ilikuwa tambarare.

Inua njia hiyo kidogo tu, mita 2 kwa kila 100, na hesabu inageuka. Sasa kila tani inataka kilo 22. Pikapu ile ile iliyokuwa ikijivunia tani 500 inabaki na tani 90. Ivishe magurudumu ya chuma na hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ulaini uleule unaoipunguzia treni mzigo unaifanya pikapu iteleze. Hapo tani 30 na kitu ndizo mwisho wake. Ukizisoma tani 10 hadi 15 za mwaka 1916 kwa jicho hilo, utaona mafundi wale walijua walichokuwa wakikifanya: njia ya Dodoma inapanda kutoka pwani hadi zaidi ya mita 1,100.

Frank Dutton, mhandisi wa reli za Afrika Kusini, aliutafutia dawa utelezi huo miaka ya 1920. Trekta yake iliongozwa na magurudumu madogo ya chuma juu ya reli, huku magurudumu makubwa ya kuvuta yakikanyaga ardhi kandokando ya njia. Uzito wa mizigo ukabebwa na reli, mshiko ukatoka ardhini.

Linabaki swali ambalo matangazo huliruka: kusimama. Treni ya mizigo husimamishwa kwa breki za upepo unaosambaa kutoka kwenye kichwa kupitia mabomba hadi behewa la mwisho, na pikapu haina mtambo wa kujaza upepo huo. Kwenye reli za Tanzania gari dogo bado lipo, ni kiberenge, nacho hubeba mafundi na zana zao kwenda kukagua njia. Tangu treni za mizigo ziliporejea kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, mabehewa yanayopita Mombo yanavutwa na vichwa vya dizeli, huku kabichi za Mlalo zikipita hapo kwa Fuso na kuendelea na safari ya Dar es Salaam kwa barabara.