Vitenzi vya Maji: Historia Fupi ya Maji ya Michezo ya Kompyuta kwa Kipimo cha Endasak

Makala haya yanahusu istilahi za mwendo wa maji, hasa zile zinazohitajiwa sasa na watu wanaozungumzia michezo ya kompyuta ambamo maji hutakiwa kwenda kama maji ya kweli. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa jarida la lugha. Lakini istilahi anazozitafuta mchezaji ni zilezile alizozitafuta mtangazaji wa redio mwezi Desemba mwaka 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, na wakati huo maneno yetu yalionekana kupwaya. Kwa sababu hiyo tumeamua kuyapima maji ya kompyuta kwa mahali pamoja panapojulikana. Mahali hapo ni Endasak, kata ya Wilaya ya Hanang iliyo katika barabara kuu itokayo Babati kwenda Katesh na Singida.

Endasak panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, Hanang na Mbulu ni nchi ambamo lugha zisizo na undugu wowote hukutana: Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wabarbaig wana lugha ya Kiniloti, na majirani zao Wanyaturu wana lugha ya Kibantu. Wakutanapo mnadani au ofisini hutumia Kiswahili, na Kiswahili hicho kimezoea mambo ya bara. Mtu wa pwani akisikia korongo huenda akamfikiria ndege mwenye miguu mirefu. Huko, korongo kwanza ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, ambalo kiangazi ni njia ya ng'ombe na masika ni mto. Pili, maji ya huko hufanya karibu kila tendo ambalo maji yanaweza kulifanya. Mlima Hanang ni volkano iliyozimika, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Mvua inyeshapo juu yake, maji huchururika majanini, hunywea ardhini, hububujika katika chemchemi, hutiririka korongoni, hufurika, humomonyoa, hutuama, na mwishowe hukauka. Chini ya mlima, upande wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Balangida lisilo na mto wa kutokea; maji yakishaingia humo hayana njia nyingine ya kuondoka ila kugeuka mvuke na kuacha chumvi.

Yafaa msomaji avihesabu vitenzi hivyo, kwa kuwa historia tunayotaka kuieleza ni historia ya mashine iliyofundishwa kitenzi kimoja baada ya kingine.

Msingi wake ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1822 Mfaransa Claude-Louis Navier alitoa milinganyo ya mwendo wa vitu vinavyotiririka, na mwaka 1845 George Gabriel Stokes akaiweka katika sura inayotumika mpaka sasa. Kwa ufupi, milinganyo hiyo husema kwamba kila sehemu ya maji husogezwa na mambo matatu: uzito wake, kanieneo ya maji yanayoizunguka, na mnato, yaani ule ukinzani wa tabaka moja la maji linapoteleza juu ya jingine. Hapa Kiswahili hakina sababu ya kuona haya. Neno kanieneo limeundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na kwa kuwa kitu chenyewe ni kani iliyogawanywa kwa eneo, mwanafunzi akilijua neno amekwisha kuijua maana. Mnato nao hauhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kushika asali. Kazi kubwa ya kuyakusanya maneno ya namna hii ilionekana mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Ugumu ulikuwa katika kuikokotoa milinganyo hiyo. Mwaka 1965 Francis Harlow na J. Eddie Welch, katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, walieleza njia ya kuigawa nafasi katika gridi ya vyumba vidogo, kisha kuhesabu kiasi cha maji kinachotoka chumba hiki kuingia kile. Mwaka 1977 ikaja njia ya pili, iliyotungwa na Lucy upande mmoja na Gingold na Monaghan upande mwingine, kwa ajili ya kuchunguza nyota wala si maji. Hiyo haina vyumba. Ina chembe nyingi, na kila chembe hufuatwa iendako. Mwaka 2003 Müller na wenzake waliipeleka kwenye maji yanayochorwa papo hapo mbele ya mtazamaji.

Njia hizi mbili zimewapa taabu watafsiri wengi, nasi tunaona taabu hiyo haina lazima. Mtu anaweza kusimama darajani akayatazama maji yanavyopita chini yake. Anaweza pia kutupa jani majini akalifuata ukingoni. Maji ni yale yale, ila mtazamaji amebadili mahali pake. Tunapendekeza, basi, mtazamo wa daraja na mtazamo wa jani. Kwa michezo yenyewe, maji ya vyumba na maji ya chembe yatatosha.

Mwaka 1999 Jos Stam alionyesha namna ya kukokotoa giligili bila hesabu kuvurugika hata hatua za wakati zikiwa ndefu. Kabla ya hapo makosa madogo yaliweza kukua hadi picha nzima ikaharibika. Gharama yake ni kwamba vizingia vya maji hufifia upesi kuliko inavyostahili, hasara ambayo mhandisi wa mabwawa hawezi kuikubali, lakini mchezaji haioni. Mchezo una sehemu ya 60 ya sekunde, au ya 30, kutayarisha kila picha; hauna nafasi ya kuwa mwaminifu kwa Navier.

Ndiyo maana michezo tunayoizungumzia hapa ilishika njia ya mkato. Ni ile ambayo mchezaji hapewi hadithi ya kufuata, bali hupewa dunia na vifaa akafanya atakalo. Wenyewe wameipa jina la sanduku la mchanga ambamo watoto wa Ulaya huchezea. Watoto wa Endasak hawana sanduku. Mchanga wao uko korongoni. Jina la mchezo wa mchangani lingependeza, kama soka la mchangani lisingekuwa limekwisha kulichukua neno hilo na kulipa maana ya mchezo usio rasmi. Tunaona mchezo huria linafaa zaidi, ingawa halina ladha.

Katika Minecraft, mchezo wa Wasweden uliotokea hadharani mwaka 2009 na kukamilishwa mwaka 2011, maji yana kanuni mbili: chini pakiwa wazi, shuka, pakiwa pamezibwa, sambaa pembeni hadi vyumba 7, kisha koma. Maji hayo hujua kutiririka, lakini hayajui kupungua. Ndoo 2 zikimwagwa mahali panapofaa hutoa chemchemi isiyokauka, jambo ambalo mchotaji maji wa Endasak angelitamani sana mwezi wa Septemba. Dwarf Fortress, uliotolewa kwanza mwaka 2006 na ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, ulikwenda mbele zaidi. Kila chumba chake kina kipimo cha maji cha 1 hadi 7, na kanieneo imo: maji yakishuka katika mfereji uliofungwa hupanda tena upande wa pili. Hapo ndipo mashine ilipojifunza kufurika, na wachezaji wengi wamezamisha ngome walizojijengea. Mwaka 2011 From Dust, mchezo ulioongozwa na Mfaransa Éric Chahi, ulifundishwa kumomonyoa. Mto hula mchanga, huuweka mahali pengine, huacha njia yake na kuvamia kijiji. Timberborn, uliotoka Poland mwaka 2021, unajua kukauka: kiangazi chemchemi hufunga, maji yaliyotuama hugeuka mvuke, na ardhi iliyo mbali na maji hufa. Kati ya yote, maji ya mchezo huo ndiyo yanayokaribiana zaidi na ya Hanang katika mwaka wa kawaida.

Mwaka 2023 haukuwa wa kawaida. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Palikuwa na uvumi kwamba volkano imelipuka. Serikali ikaeleza kwamba haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujihimili.

Siku zile tukio hilo hilo liliitwa mafuriko, maporomoko ya ardhi, na maporomoko ya tope. Mafuriko ni maji yaliyozidi kingo. Huinuka, na anayeyaona hutafuta mahali pa juu, hata paa la nyumba. Mbele ya tope lenye mawe, paa si kimbilio. Maporomoko nayo ni neno lililobebeshwa mizigo mingi: ni maji yanayoanguka kutoka jabalini, ni ukingo wa barabara uliomeguka, na sasa ni tope lililosafiri mbali kutoka lilikoanzia. Kuporomoka ni kuanguka kutoka juu. Tope la Hanang liliporomoka mwanzo tu. Baada ya hapo lilikwenda kwa mkondo, likiyafuata makorongo. Hizi ni hatua mbili, na anayeishi chini ya mlima anahitaji zaidi jina la hatua ya pili, kwa sababu ndiyo inayomfikia. Tunapendekeza mporomoko kwa hatua ya kwanza, na mkondo wa tope kwa ya pili.

Tope si maji mazito tu. Eugene Bingham, mkemia wa Marekani, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba viko vitu ambavyo havitiririki kabisa mpaka visukumwe kupita kiwango fulani, na vikishapita kiwango hicho hutiririka. Kila mpishi anaujua ukweli huu: uji humiminika wenyewe, ugali laini hung'ang'ania mwiko mpaka utikiswe. Kiwango hicho hakina jina lililokubaliwa, nasi tunaleta kizingiti cha mtiririko. Michezo ya malori kama Spintires wa mwaka 2014 ina tope zuri sana, lakini ni tope la barabarani, la kukwamisha magurudumu. Tope la mlimani huigwa na programu za wataalamu wa majanga, kama RAMMS iliyotungwa Uswisi, ambazo hukadiria njia ambayo mkondo utapita. Ramani ya programu ya namna hiyo ikiletwa siku moja katika mkutano wa kijiji wa Endasak, ofisa atakayeisoma atahitaji maneno haya yote kabla hajafungua kinywa.

Limebaki tendo moja ambalo hatujalipatia kitenzi. Mkondo wa tope ukifika mahali tambarare husimama ghafla, ukawa mgumu, na watu hulazimika kuchimba kwa majembe na mitambo. Kutuama ni kwa maji, na maji yaliyotuama yangali maji. Kuganda hukumbusha mafuta na damu. Kushikamana hakuonyeshi kwamba kitu kilikuwa mwendoni. Tungependa kupata barua za wasomaji wa Hanang na Mbulu zikitueleza ni neno gani husemwa huko kwa Kiswahili, na pia katika Kiiraqw na Kibarbaig, kwa tope lililosimama.