Mji wa Mhunzi

Tulipokuwa kidato cha tatu tulifundishwa kwamba chuma cha Siberia ya kusini kilianza na Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano wa Muungano wa Kisovieti. Niliandika hivyo katika mtihani, nikapewa alama zote. Nilipozuru Novokuznetsk nilitambua kuwa jibu langu lilikuwa nusu tu.

Mji huo uko kando ya mto Tom. Kusini yake ni milima ya Shoria. Mgeni hupokewa na moshi. Kiwanda kikuu kilitoa chuma cha kwanza Aprili 1932, na miongoni mwa waliokijenga walikuwamo wakulima waliohamishwa makwao kwa nguvu. Mwaka huohuo mji ukapewa jina la Stalinsk, hadi 1961.

Nilipanda kilimani penye ngome ya kale, nikaulizia maana ya jina. Kwa Kirusi, kuznets ni mhunzi. Warusi waliojenga ngome ya kwanza ya miti mwaka 1618 waliwakuta wenyeji, Washori, wakiyeyusha mawe ya milima yao na kufua vyungu vya chuma na mikuki. Wakawatoza kodi ya ngozi za wanyama. Baadaye uhunzi wao ukafifia.

Wadogo zetu mlioko madarasani, jina la Stalin lilidumu miaka 29. La mhunzi lingalipo. Mkisoma kwamba kazi fulani ilianza mwaka fulani, ulizeni: kabla ya hapo ilifanywa na nani?