Motere Inapozima Mbele ya Kabimba

Kila mtu wa pwani yetu ameisikia sauti ile: motere yanguruma vizuri, halafu yakohoa mara mbili tatu, halafu kimya. Ndipo husikika maji yakipiga ubao. Ilitupata sisi safarini toka Kalemie kwenda Kabimba, mwezi wa saba, kusi likivuma kwa nguvu na kutusukuma kwenye miamba. Ndani ya mtumbwi walikuwamo akina mama, watoto na magunia. Nahodha alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Akafungua buji, akazipangusa, akazirudisha. Motere ikawaka, ikaenda kitambo kidogo, ikazima tena. Mara tatu hivyo. Basi twapenda kueleza habari ya ugonjwa huu tangu asili yake, maana una historia.

Enzi ya meli za moshi hapakuwa na fumbo. Meli ya Wadachi iliyoitwa Hedwig von Wissmann, iliyoshushwa ziwani mwaka 1900, ilikwenda kwa nguvu ya mvuke, na kuni zikipungua kila mtu aliona. Petroli, au esanse kama tusemavyo huku, ilionyesha nguvu zake wakati wa vita. Mwaka 1915 Waingereza walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou (majina ya Kifaransa haya, msidhani ni “mimi” yetu). Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda gari moshi hadi Fungurume, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba. Kisha zikapita Bukama, zikashuka mto Lualaba hadi Kabalo, na kwa reli zikafika Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi na injini mbili za nguvu ya farasi 100. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Wadachi iitwayo Kingani ilikamatwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Chombo cha petroli hakikungoja maji yachemke, kiliwaka, kikakimbia. Lakini chakula chake sasa kilipita katika vijibomba vyembamba, pasipo jicho kuona.

Motere ndogo ya kufungwa nyuma ya mtumbwi ilikuwa imekwisha kuanza kuuzwa Marekani. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza zake huko Milwaukee mwaka 1909. Hapo yafaa tutulie kidogo, maana njia ya petroli ndani ya motere hizi imebadilika, na kila badiliko limeleta ugonjwa wake.

Kwanza tangi dogo lilikaa juu ya motere yenyewe, na petroli ilishuka kwa uzito wake tu. Baada ya vita ya pili likaja tangi la kuwekwa chini mtumbwini, lenye mipira miwili: mmoja ulipeleka hewa tangini, hewa ikasukuma petroli ipande kwa mpira wa pili. Tangi hilo lilitaka kufungwa kabisa; hewa ikitoka, motere yazima. Kisha ikaja pompi ndogo yenye ngozi nyembamba ndani, nayo hunyonya petroli yenyewe. Hiyo ndiyo tuliyo nayo mpaka leo. Tangi la namna hii lataka kinyume kabisa: lipate pumzi. Petroli ikitoka, hewa sharti iingie mahali pake.

Nahodha mwenye busara, basi, haanzi na buji. Hushika kwanza kile kibofu cha mpira kilicho katikati ya bomba. Kikiwa kimenywea, bonde baada ya bonde, kizuizi kiko nyuma, upande wa tangi: pumzi imefungwa, au takataka zimeziba, au mtu amekalia bomba (jambo hili si nadra). Kikikataa kuwa kigumu hata ukikibonyeza sana, tazama viungo vya bomba: huenda kimoja kimelegea na hewa yaingia. Kikiwa kigumu na motere bado yakataa, enda mbele, kwenye chujio na kabureta. Na kama motere yaishi kwa kubonyezwa tu, pompi imechoka. Petroli iliyonunuliwa kwa bidoni imwageni kidogo katika chupa nyeupe mkaiache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini.

Msidhani hasara ni kuchelewa tu. Katika motere ambazo oili huchanganywa na petroli, nyingi kwa lita 1 ya oili katika lita 50, petroli ndiyo ichukuayo oili mpaka kwenye pistoni. Motere yenye njaa ya petroli ina kiu ya oili pia. Anayeilazimisha kwenda hivyo hivyo aweza kuiua siku ile ile, na bei yake ni mavuno ya miaka.

Sasa turudi kwenye miamba. Mzee mmoja aliyeketi karibu na tangi aliuliza kwa upole, “Baba nahodha, mbona ubavu wa tangi umebonyea?” Kizibo cha pumzi juu ya kifuniko kilikuwa kimekazwa kabisa. Nahodha akajibu kwamba aliyemfundisha kazi alimwonya asikiache wazi kamwe. Wala mwalimu yule hakusema uongo. Alijifunza kwa tangi la kale la mipira miwili. Ndiyo maana motere iliwaka kila ilipopumzishwa: hewa kidogo ilijipenyeza, kisha ikapungua tena.

Mzee akakilegeza kizibo. Ikasikika pumzi ndefu, na ubavu wa tangi ukarudi kwa kishindo hata mtoto mmoja akalia. Nahodha akakibonyeza kibofu mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba mara mbili. Tuliteremka Kabimba kabla ya giza. Yeye alibaki mtumbwini, akikifunga na kukifungua kile kizibo, akisikiliza.